Nyumba ya Watu, Ushirombo

Baba alitutoka nikiwa mdogo sana. Mama naye alipofariki, sista mmoja wa misheni alinichukua kutoka kwetu, karibu na Mwadui, akanipeleka Ushirombo kwa mama mjane aliyekubali kunilea.

Pale nyumbani walisema Kisumbwa. Mimi nilijua Kisukuma, na Kiswahili changu cha shuleni kilikuwa cha kubahatisha. Jioni watoto wake walipocheka jikoni nilicheka nao, nimechelewa, bila kujua tunacheka nini. Sikunyimwa chakula wala sikupigwa. Ila wakati mwingine nilikwenda nyuma ya ghala la mahindi nikajisemesha Kisukuma peke yangu, kwa sauti ya chini, nisije nikakisahau.

Nilipokaribia kumaliza darasa la saba, baba yangu mdogo alitokea. Sikuwa nimemwona tangu msiba. Alinisalimia kwa Kisukuma nikamkimbilia kwa furaha, nikampokea baiskeli.

Alipokwisha kunywa maji alimwambia mama mlezi, "Nimekuja kumchukua mtoto wetu. Ng'ombe wameshaletwa."

"Ng'ombe wa nini?"

"Wa mahari. Si unaona amekua?"

Mama aliweka ungo chini. "Mwenyewe umemuuliza?"

"Mtoto haulizwi."

"Katika nyumba hii anaulizwa." Akanigeukia. "Mwanangu, unataka kuolewa?"

Kwetu nilitaka kwenda, Mungu anajua. Kuolewa sikutaka. Nilimtazama baba mdogo, uso wake ule uliofanana na wa baba.

"Nataka kusoma," nikasema.

Aligomba, akanishika mkono. Mama akasimama mlangoni, akamtuma binti yake mkubwa amwite mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alipofika alisema mtoto haondoki, na mwenye shauri aende mahakamani.

Baba mdogo alichukua baiskeli yake. "Basi wewe si wetu tena," aliniambia, kwa Kisukuma, ili nielewe mimi tu. Mama akaniuliza amesema nini. Nikamjibu, "Amesema kwaheri."

Nilisoma, nikawa mwalimu. Niliolewa baadaye na mtu niliyempenda. Nilipeleka habari kwetu mapema, na kanisani nikawaachia ndugu zangu mabenchi ya mbele. Mama mlezi na watoto wake walikaa nyuma ya mabenchi hayo, wakaimba kwa nguvu kuliko wote. Mabenchi yale yalibaki matupu mpaka misa ikaisha.