Injili ya Kusimama

Elia Nandonde alijifunza kusoma kwenye mashamba ya chumvi, akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Katekista mmoja alikuwa akimchorea herufi kwa kijiti juu ya chumvi mbichi wakati wa mapumziko, na hakukuwa na warsha, posho wala picha ya pamoja. Ajabu ni kwamba alijua kusoma. Leo watoto wanakaa darasani miaka saba na kutoka na cheti ambacho wenyewe hawawezi kukisoma.

Kitabu alichokijua ni kimoja, Biblia, naye alikipenda kama watu wengine wanavyopenda mashamba yao. Mchwa wa Rahaleo, mtaa wake pale Mtwara, hawana dini. Walikuwa wamekwisha kula rejista ya ubatizo na nusu ya kabati la padre. Kwa hiyo Elia alikuwa akinyunyiza salfa, ile dawa ya mikorosho, katikati ya kurasa. Akikifungua kanisani kusoma somo la Jumapili, benchi la mbele hupiga chafya. Salfa aliipata kwa jirani yake Salumu, mkulima wa korosho na Mwislamu wa swala tano, ambaye hakumpa bila kumtania.

"Mtani, kitabu chako cha peponi mbona kinanuka Jehanamu?"

"Ndiyo maana shetani hakigusi," Elia alimjibu. "Anadhani ni chake."

Kila Jumamosi alisoma somo la kesho mara tatu kwa sauti: mara ya kwanza kwa ajili ya macho, ya pili kwa ajili ya ulimi, ya tatu kwa ajili ya hofu. Salumu, upande wa pili wa ua wa makuti, alilalamika kwamba amekwisha hifadhi nusu ya Injili na hakuna aliyemwomba. Lakini mgeni akipiga kelele wakati wa kusoma, ni Salumu aliyemnyamazisha.

Kisha maendeleo yakaingia kanisani. Padre alikuwa na makanisa sita ya kuzungukia, hivyo Jumapili tatu kati ya nne kanisa lilikuwa mikononi mwa kamati, na kamati ilikuwa mikononi mwa katibu wake, Andrea. Andrea alifanya kazi katika ofisi moja ya mambo ya gesi, na huko alikuwa amegundua kitu kinachoitwa muda. Alipima ibada kwa saa ya simu, akakuta inavuja. Haikuvuja kwenye matangazo, yaliyochukua nusu saa, wala kwenye harambee, iliyochukua saa nzima. Ilivuja kwenye Neno la Mungu.

Kamati ikaamua: masomo yasomwe na vijana kutoka kwenye simu, yaonyeshwe ukutani kwa projekta, na yasizidi mistari minne. Kijana wa kwanza alisoma vizuri mpaka katikati ya zaburi, ambapo simu ilimwonyesha tangazo la kubashiri mpira. Kwa kuwa alikuwa msomaji mwaminifu, alilisoma nalo. Waumini wakajibu amina.

Andrea alikuja mwenyewe kumwambia Elia. Alikataa kuketi, kwa sababu ya muda.

"Babu Elia, kamati inakushukuru kwa utumishi wako. Jumapili ijayo utasoma Injili kwa mara ya mwisho. Mistari minne."

"Minne ipi?"

"Yoyote, Babu. Iwe mifupi tu."

Elia alichagua mwanzo wa sura ya tano ya Mathayo, pale Bwana anapopanda mlimani kufundisha. Andrea aliridhika. Hakukumbuka kwamba kanisa lile lilikuwa bado na desturi moja ambayo kamati haijaifikia: Injili husikilizwa kwa kusimama, na haketi mtu mpaka msomaji aseme, "Hii ndiyo Injili ya Kristo."

Jumapili ilipofika, waumini walisimama. Ukutani ilitokea mistari minne, nyuma yake picha ya maporomoko ya maji ya nchi asiyoijua mtu. Elia alisoma ule wa nne, akavuta pumzi, akasoma wa tano. Andrea alitabasamu, mzee amejisahau. Kwenye wa ishirini aliacha kutabasamu. Sura ya tano ikaisha, Elia akalamba kidole na kufungua ya sita. Mistari minne bado ilikuwa ukutani, haina pa kwenda. Umeme, ambao Mtwara hukatika hata mtu akikohoa, siku hiyo haukukatika.

Wenye viatu virefu waliketi kwanza. Wakafuata wanakwaya, halafu kamati, kwa kauli moja. Andrea akazima kipaza sauti. Elia, ambaye alikuwa amesoma miaka yote kabla ya kipaza sauti, hakuona tofauti.

Aliponyanyua macho mwisho wa sura ya sita, aliona amebaki mmoja. Bibi Mariamu, mjane wa Ufukoni mwenye magoti yaliyovimba, alikuwa amesimama huku ameshikilia benchi la mbele yake, na benchi lilitetemeka naye. Hapo Elia alisita. Alikuwa amekusudia kuiadhibu kamati, na kamati ilikuwa imeketi.

"Kaa, dada," alimwambia.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi soma. Magoti ni yangu."

Elia alishuka na kitabu chake, akampa kiwiko ashike, akamsomea palepale sura yote ya saba kwa sauti ya kuwatosha watu wawili, wakati mbele matangazo yameanza. Aliposema ile kauli ya kufunga, Bibi Mariamu alimwitikia peke yake, kisha akaketi.

Jumapili iliyofuata kamati ilitangaza kwamba, kwa kuwajali wazee, kuanzia sasa Injili itasikilizwa kwa kuketi. Watu walipiga makofi. Wazee waliojaliwa hawakuwapo. Mmoja alikuwa barazani kwake Ufukoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na mwenzake alikuwa akimsomea sura ya nane, kwa sababu bibi alitaka kujua Bwana aliposhuka mlimani alikutana na nani.