Ombi Lisilotaja Jina

Seline alikuwa mshauri katika kanisa la mabati la Mashimoni, Kibera, na wito wake haukuwa na shaka: aliitwa na Mungu, kisha akaitwa na mchungaji, ambaye hakuwa na mtu mwingine. Alihudhuria mafunzo, akapewa cheti, akakitundika juu ya viti viwili vya plastiki ambako watu walikuja kulia. Chini ya cheti alibandika maneno aliyoyaandika mwenyewe: Yanayosemwa hapa yanabaki hapa.

Na yalibaki, isipokuwa Ijumaa. Ijumaa kulikuwa na ushirika wa akina mama, na huko siri haisemwi, huombewa. Kuyasema mambo ya mtu ni umbea. Kuyasema macho yakiwa yamefumbwa ni kubeba mzigo wa ndugu. Sharti ni moja tu, usitaje jina.

Seline hakutaja. Mama Jeremy alikuwa amemwambia, akilia, kwamba mumewe Osewe alifutwa kazi zamani, lakini kila asubuhi bado anavaa tai, anaaga, anatembea hadi Kawangware kukaa kwenye benchi la binamu yake fundi viatu mpaka jioni. Mke alijua, mume hakujua kwamba mke anajua, na nyumba ilikuwa imesimama juu ya hilo. Seline aliguswa. Ijumaa akapaza sauti: "Baba, mkumbuke mtumishi wako anayetoka asubuhi na tai yake na hana anakokwenda!"

Akina mama waliitikia amina yenye shauku isiyo ya kawaida. Katika laini yao yote ya nyumba palikuwa na tai moja.

Kufikia Jumatatu vijana wa kibanda cha maji walikuwa wanampigia saluti. "Niaje, boss! Leo ofisini kuna mkutano?" Osewe akageuka, akarudi nyumbani, akamtazama mkewe mara moja, akachukua begi. Sasa alikuwa analala Kawangware kwa binamu, na simu hapokei. Akina mama wa Ijumaa walinyamaza, maana kumtaja aliyeomba kungekuwa umbea.

"Ni Marion jirani," Mama Jeremy alisema kwenye kiti cha plastiki. "Ukuta wetu ni mabati, amenisikia nikiomba. Na vile ananilelea mtoto! Simsalimii tena."

Hapo ndipo Seline alipopaswa kusema ukweli. Badala yake kinywa chake, kilichozoea kazi, kilifanya kazi. "Mama Jeremy, kusamehe ni uamuzi. Msamehe Marion."

Ulikuwa ushauri mzuri. Kila usiku alijitetea kwa Mungu kwamba hakutaja jina. Alikishusha cheti, akakirudisha, kwa sababu alama iliyobaki ukutani ilisema zaidi.

Jumamosi Mama Jeremy alirudi akimvuta Marion mkono. "Sista, nimemwambia nimemsamehe, lakini anakataa kusamehewa!"

"Nisamehewe nini?" Marion akafoka. "Hiyo maneno nimeisikia kwa vijana wa maji kama wewe! Kama ni hivyo, tafuta mwingine wa kukulelea Jeremy."

"Sista, mwambie akubali tu, iishe."

Marion alimtazama Seline. Hakuna macho magumu kuyatazama kama ya mtu asiye na kosa.

"Si Marion," Seline alisema. "Ni mimi. Niliomba Ijumaa. Nilitaja tai."

"Uliomba," Mama Jeremy alirudia polepole. "Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Marion alicheka bila furaha. "Na mimi nimesamehewa bure!"

Seline alikuwa amejiandaa kwa kelele. Mama Jeremy alikaza leso yake tu. "Vaa viatu. Twende Kawangware umwambie Baba Jeremy mwenyewe. Na usiniombee njiani."

Walimkuta kwenye benchi, tai shingoni, amemshikia binamu kiatu cha mteja. Seline alihisi mikono yake ikianza kushikana na macho yakifumba yenyewe. Akaitenganisha mikono, akafumbua macho.

"Osewe," alisema, safari hii akitaja jina, "aliyekutangaza ni mimi. Mke wako alikuwa anakulilia tu."

Osewe alikiweka kiatu chini, akasogea kwenye benchi, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. Mkewe akaketi. Seline alibaki amesimama, na hakuna aliyemwambia aende wala akae.