Bomu la Mahindi

Nilikosea irabu. Juzi nilinunua mahindi ya kuchoma kando ya barabara, na harufu yake ikanirudisha kwenye kosa hilo, ambalo bado linanichoma.

Tulikaa Shumaisi, Riyadh: mimi, mama na bibi. Baba alikuwa kazini bandarini Jeddah. Nilijifundisha mwenyewe kusoma magazeti ya Kiarabu ambayo, tofauti na msahafu, hayatiwi irabu. Kila alasiri nilimsomea bibi huku akipepea mkaa wake uani. Wakati wa ile vita ya kaskazini, nikamsomea kwamba dola kubwa imeweka tayari mabomu ya mahindi.

"Ya mahindi, mume wangu?" Aliniita hivyo kwa utani, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu. "Basi na watutupie, mkaa ninao!"

Jirani yetu, mwalimu, alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Si dhura, ni dharra!" Bila irabu maneno hayo huandikwa sawasawa: la kwanza mahindi, la pili chembe. Lilikuwa bomu la nyuklia. Nililia kwa aibu, mwalimu akanibembeleza. Alisema mkubwa wa dola hiyo anajitia wazimu makusudi, ili adui aamini kuwa kweli ataliripua, arudi nyuma.

"Wanatishana tu, bibi," mwalimu alisema.

"Na mwenzake naye akijitia wazimu?"

Bibi akaweka kipepeo chini, akaingia ndani kufunga nguo zetu kwenye shuka. Alitaka baba aje, tuwe pamoja. Jioni tukaenda duka lenye simu.

"Kafili, huyu tajiri wangu, hatonipa ruhusa," baba alisema. "Wanatishana tu, mama. Yalla, msiwe na wasiwasi."

Bibi akampa mama simu bila kuaga. Njiani alinishika mkono kwa nguvu. Unguja, siku ya mapinduzi, babu alisema hivyo hivyo, akavaa kofia, akatoka kwenda kuangalia.

"Ikarudi kofia," bibi alisema.

Vita iliisha. Baba alikuja na tende, bibi akampapasa uso kama kipofu. Lakini furushi lile hakulifungua. Alipofariki tulilikuta pale pale nyuma ya mlango, na suruali yangu ya utotoni ndani.

Siku hizi sikosei irabu. Bibi hayupo, na habari za mabomu nazisoma kimya.