Mbuzi wa Peres

Peres alifika kwenye karakana yangu ya Kangemi, Nairobi, mwaka 1971, binti kiziwi mwenye mkono hodari wa kupiga msasa. Fundi wangu Nthiwa, kiziwi pia, alikuwa ametoka Machakos. Peres alitoka Busia. Kila mmoja alikuja na ishara za kwao, na hazikulingana hata kidogo.

Mimi nauza viti, si mwalimu. Lakini ubao ukikatwa vibaya hasara ni yangu, kwa hiyo niliwatazama. Mwanzoni walionyeshana kilichopo tu: hiki, kile, lete. Halafu wakaanza kutaja visivyokuwapo! Mteja wa Kitisuru, kwa matajiri, akawa pua juu, mkono kiunoni, na hatua za maringo. Mwaka haujaisha, pua kuinuliwa kidogo ikatosha. Mkono ukitupwa nyuma ya bega, jambo limepita. Ukisukumwa mbele, linakuja. Unataja kitu kwanza, kisha kilichokipata. Ukipindua, wanakutazama kama mlevi. Jumamosi viziwi wengine wakawa wanakuja kutoka mitaa ya Jamhuri na Mountain View, wakaongeza yao. Hakuna aliyefundisha, na kila wiki nilikuta maneno mapya.

Nthiwa akataka kumwoa Peres. Were, kaka yake Peres, akaja kumrudisha nyumbani.

"Bwana Muli, hawa watasemezana nini? Nyumba kimya namna hiyo?"

"Kimya? Wanapiga domo kukushinda."

"Mimi najua ishara zake. Ni kula, lala, njoo. Basi."

"Hizo ni za utotoni. Tupatane hivi: Peres amweleze Nthiwa jambo la zamani, mnalolijua wewe na yeye tu. Nthiwa akikwama, mchukue."

Were akakubali upesi. Nikampa Peres masharti kwa mikono. Akamtazama kaka yake, akatupa mkono nyuma ya bega, mbali kabisa, vidole vikaenda mbio. Nthiwa alicheka hadi randa ikamponyoka. Akanigeukia, akanisimulia, nami nikamwambia Were:

"Ulivunja mtungi wa pombe wa mjomba wako, ukamsingizia mbuzi. Mbuzi akachapwa."

Were akakaa juu ya stuli yenye vanishi mbichi.

"Hiyo kitu hakuna mtu anajua."

"Peres alikuwepo."

"Na miaka yote hii amenyamaza?"

"Angemwambia nani, na kwa ishara zipi? Kwa kula, lala, njoo?"

Were akaona mikono ya dada yake haijatulia. "Sasa anasema nini?"

"Anaanza habari ya viatu vya mchungaji."

"Mwambie inatosha, Bwana Muli. Nimekubali."

Kitanda cha harusi Were alikinunua kwangu, na ile stuli pia.