Ukitafuta kwetu, usiulize mlango wa bluu

Kijana anayetaka kumuoa binti yangu amefika leo akiwa ameshiba, na kuku wetu bado yuko kwa sufuria! 😂

Ni makosa yangu. Nilimwelekeza kwa simu: "Ukifika Saboti, fuata njia ya mtoni, utaona mlango wa bluu."

Nilisahau kitu kimoja tu.

Huku kwetu milango YOTE ni ya bluu.

Ni Baba, bana!

Mwaka wa tisini na mbili alipaka mlango wetu, rangi ikabaki nusu mkebe. Mimi nikataka kuimwaga mtoni. Akaninyang'anya.

"Na ng'ombe watakunywa nini?"

Akashika brashi, akaenda nyumba kwa nyumba akiwapakia majirani milango mpaka mkebe ukaisha.

Baba alishatuacha. Lakini majirani wakipaka upya, wananunua bluu ile ile.

Sasa huyu kijana amebisha milango minne. Kila mahali chai, kila mahali ugali. Na si mnajua watu wetu, ukikataa chakula umewatusi.

Mama akamuuliza, "Na hukuchoka kupotea?"

"Hapana, Nyanya. Kila nyumba waliniambia rangi hii ni ya mzee wa huko mbele. Nikajua nakaribia."



Mama akachota firigisi, ile ya mwenye nyumba, ambayo hajampa mtu yeyote tangu tumzike Baba. Akaiweka kwa sahani ya kijana.

Na vile alivyoshiba, ameila yote!

Niambieni ukweli, huyu bado ni mgeni?