Dramu Iliyoanikwa Juani

Masika yakichachamaa hapa Kasulu, kila kitu hunyonya maji: chumvi, magodoro, hata karatasi za steshenari yangu. Na dawa yetu ya unyevu ni moja tu, jua. Likitoka kidogo, kila ua umetandazwa maharage na mashuka. Nimelelewa hivyo, sikuwahi kufikiri jua linaweza kuharibu kitu.

Asubuhi ile printa yangu ya rangi ilikuwa ikitoa picha zenye mabaka yaliyofifia. Nilijua ni karatasi zimelowa. Jua lilipochomoza nikazianika uani kwenye mkeka, na kwa ujuaji wangu nikachomoa pia dramu ya rangi nyeusi, lile bomba linalopokea wino kabla haujafika kwenye karatasi, nikailaza kando yazo. Fundi aliwahi kunionya isikae kwenye mwanga. Nilimsikia kama tunavyowasikia mafundi.

Saa nne akaja mwanamke kutoka Muyama, akapitia mlango wa uani, simu mkononi.

"Dada, ni data," akasema. Data kwao ni baba. Alikuwa amefia hospitali ya mbali, mwili umekawia njiani, na wazee walikwishaamua jeneza lisifunguliwe. Mazishi ni saa tisa. Alitaka picha kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza, ili watu wamuage mzee wakimwona usoni. "Tulivuka kutoka Burundi bila picha hata moja. Tunayo hii tu."

Kwenye simu mzee alikuwa anacheka, kofia mkononi.

Nikarudisha dramu na karatasi, nikachapa. Mabaka yalikuwa yameisha. Badala yake ulitoka mkanda mweusi, mpana kama vidole viwili, kutoka kwenye paji la uso, juu ya jicho la kushoto, mpaka kidevuni. Nikatikisa kopo la wino, nikachapa tena. Mkanda. Nikafuta vumbi ndani kwa kitambaa kikavu. Mkanda, pale pale. Mwisho nikachapa kurasa nne, kila rangi na ukurasa wake. Njano safi, nyekundu safi, bluu safi. Ukurasa mweusi ndio uliokuwa na mkanda, na hapo nikaelewa nilichofanya.

Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi akiangalia kila karatasi ikitoka. Kila mara alinyoosha mikono kuipokea, na kila mara niliiwahi nikaiweka kando.

"Ni umeme, dada," nikamwambia. "Leo hauna nguvu."

"Pole na kazi," akanijibu. Mfiwa ananipa mimi pole.

Nikajaribu kupunguza weusi kwenye kompyuta. Mkanda ukawa wa kijivu, lakini mzee naye akapauka, kofia ikapotea. Saa sita ilipopita akasimama, akachagua ile yenye mkanda mweusi kuliko zote, kwa sababu angalau kicheko kilionekana. Sikumtoza kitu. Nilijiona mwema, Mungu anisamehe.

Wiki tatu baadaye nilipata dramu mpya. Picha nilikuwa nimeihifadhi, nikaichapa, ikatoka safi kabisa, nikapanda bodaboda mpaka Muyama. Ile yenye mkanda ilikuwa ukutani, imewekewa fremu. Aliipakata mpya magotini, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Hii ni nzuri," akasema. "Lakini ile ndiyo tuliyomzikia. Watoto wameshaizoea."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia haukuwa umeme, ni mimi niliyeanika dramu juani ikaungua.

"Niliiona pale mkekani nilipoingia," akasema taratibu. "Nikadhani ndivyo inavyotunzwa."

Hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Aliingia jikoni akaleta ugali na maharage, akaninawisha mikono, tukala chini ya ile picha. Mambo yote nilikuwa nimeyasema isipokuwa moja. Siku ile, mtaa wa pili kutoka kwangu, palikuwa na printa nyingine ya rangi, nzima, na nilijua tangu karatasi ya kwanza. Niliona heri baba yake aende kaburini na mkanda usoni kuliko mteja wangu avuke barabara.