Mgombea Aliyeomba Ukimya

Maneno ya fundi bomba yalikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Mtaani walimwita Bwana Kimya, naye aliitika. Aligombea udiwani kwa sababu moja tu: bomba kuu la mtaa, lililoanza kuoza nywele zake zikiwa bado nyeusi. Kuliziba aliweza. Kulibadilisha kulihitaji mtu ndani ya baraza.

Kampeni iliendeshwa na shemeji yake, dada wa marehemu mkewe, mshonaji mwenye mdomo wa watu wanne.

“Shemeji, dakika tano tu. Ahidi kitu! Mwenzako anaongea hata akipiga mswaki.”

“Nitajaribu.”

Siku ya mkutano uwanjani alikishika kipaza sauti kama anayeshika yai. Kabla hajaanza, bibi mmoja akasimama mbele. “Mwanangu, bomba langu halitoi hata tone, huu mwezi wa pili. Utanifanyia nini?”

“Sema maji kesho!” shemeji alimnong'oneza.

“Sijui, mama,” fundi alijibu. “Lazima nisikilize kwanza.”

Watu wakacheka. Yeye akashuka jukwaani, akachomoa nondo kwenye baiskeli yake, akapiga magoti getini kwa bibi, ng'ambo ya barabara. Ncha moja aliisimika ardhini, nyingine akaibana sikioni. Ndivyo alivyotafuta mivujo kwa miaka ishirini na sita. Akainua mkono.

“Naomba mnyamaze kidogo.”

Wakanyamaza. Watu mia tatu, hata wauza karanga, hata shemeji. Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo. Chini kabisa fundi akaanza kusikia kitu, kijisauti chembamba cha maji yanayovuja.

Ndipo gari la mpinzani likakata kona, spika mbili juu. “Maji kwa kila nyumba! Nani anataka kofia?” Vijana wakatimua mbio, watu wazima wakafuata, kwa aibu kidogo. Fundi alibaki na bibi, shemeji, na sauti iliyompotea.

Alishindwa kwa kura kumi na tisa.

“Ungesema neno moja tu!” Machozi yalimlengalenga shemeji. “Kumi na tisa! Hao ni wateja wangu wa wiki moja!”

“Nilirudi usiku kukiwa kimya; bomba la bibi nimeshaliziba.”

“Na la mtaa?”

Fundi akairudisha nondo kwenye baiskeli. Hadi leo, akipita uwanja ule, hupunguza mwendo. Udiwani bado anautamani, kwa ajili ya bomba. Lakini anachokitamani zaidi ni dakika ile moja, watu mia tatu wakisikiliza pamoja naye. Angepewa nusu dakika nyingine, angewaonyesha mahali pa kuchimba.